Aliyenyimwa Kifo: Suala la Kutokufa katika Filamu ya Nosferatu ya Werner Herzog

1. Utangulizi

Makala haya yanachunguza suala la kutokufa katika filamu ya Nosferatu: Phantom der Nacht, iliyoongozwa na Mjerumani Werner Herzog mwaka 1979. Filamu hiyo ina wazazi wawili. Wa kwanza ni Dracula, riwaya ya Bram Stoker, Mwairishi, iliyochapishwa mwaka 1897. Wa pili ni filamu bubu ya F. W. Murnau, Nosferatu, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1922. Herzog ameeleza kwamba kizazi chake cha wasanii wa Kijerumani, kilichokua baada ya Vita Vikuu vya Pili, hakikuwa na baba wa kukifunza kazi, na kwa hivyo kililazimika kuwarudia mababu. Murnau kwake alikuwa babu wa namna hiyo.

Kisa chenyewe ni chepesi. Jonathan Harker, wakala wa nyumba katika mji wa Wismar, anatumwa Transilvania kumwuzia nyumba kabaila mmoja aitwaye Dracula. Kabaila huyo ni mfu ambaye huishi kwa kunyonya damu za walio hai. Anapoiona picha ya Lucy, mkewe Jonathan, anainunua nyumba bila ya kuuliza bei, kisha anasafiri kwa merikebu akiwa na majeneza yaliyojaa udongo na panya. Tauni inaingia mjini pamoja naye. Lucy anajitoa mhanga: anamshikilia mnyonyadamu kitandani pake mpaka alfajiri inamfumania na kumwua.

Ni rahisi kuzichukua filamu za aina hii kama hadithi za tamaa ya kuishi milele, ambapo mtu hununua uhai usio na mwisho kwa thamani ya roho yake. Tutajaribu kuonyesha kwamba Herzog aliupindua mtazamo huo. Dracula wake hakukishinda kifo, bali amenyimwa kifo. Aidha tutaonyesha kwamba mtazamo huo mpya una gharama yake, kwa sababu huruma anayopewa mwuaji inaelekea kuwapunguza waliouawa. Mwisho tutaligusa swali linalotuhusu sisi wanalugha: mhusika huyu aitweje kwa Kiswahili, na je, neno mumiani linamfaa?

2. Jina na sarufi yake

Neno nosferatu lenyewe lina mashaka. Mwaka 1885 Emily Gerard alichapisha makala juu ya itikadi za watu wa Transilvania, na humo neno hilo likatajwa kama jina la mnyonyadamu. Stoker aliisoma makala hiyo, akalichukua neno na kulipa maana ya "asiyekufa". Lakini wataalamu wa Kiromania hawajalipata neno lenye umbo hilo katika lugha hiyo. Wengine hukisia kwamba Gerard alilisikia vibaya neno nesuferit, yaani asiyevumilika, au necurat, yaani mchafu, ambalo pia ni jina la Shetani. Iwavyo vyote, maana iliyoshika ni ile ya Stoker, nayo ni maana kanushi.

Ukanushi huo ni muhimu. Tukisema "uzima wa milele", kama wasemavyo watu wa dini, tunataja kitu kilichopo: uzima, kisha tunaurefusha. Tukisema "kutokufa" hatutaji kitu chochote ila kitenzi kufa kilichokanushwa. Hakuna kilichoongezwa, kuna kilichoondolewa. Kiswahili kinatupa tofauti nyingine iliyo nyembamba zaidi. Juu ya mtu aliye hai twaweza kusema kwamba hajafa. Kiambishi -ja- katika kitenzi hicho kinabeba matarajio: jambo halijatokea, lakini linangojewa. Kila mwanadamu hai amo katika -ja- hiyo, na kila akifanyacho, kupanda, kujenga, kuoa, kuandika wasia, anakifanya kwa kuwa hajafa. Dracula hayumo humo. Yeye hafi. Si kwamba amepewa muda mrefu kuliko sisi, bali ameondolewa katika ile hali ya kungojea inayoufanya muda uwe na maana.

Filamu ya Herzog yaweza kusomwa yote kama maelezo ya tofauti hiyo baina ya "hajafa" na "hafi".

3. Ngome na wakati

Filamu inaanza kwa maiti. Kamera inapita polepole mbele ya miili iliyokauka, ya watoto na ya wakubwa, midomo wazi kana kwamba inapiga ukelele. Miili hiyo ni ya kweli. Ni ile iliyohifadhiwa Guanajuato, Meksiko, ambako kuanzia mwaka 1865 maiti walifukuliwa pale jamaa zao waliposhindwa kulipa kodi ya makaburi. Baada ya hao anaonekana popo akiruka kwa mwendo uliopunguzwa kasi. Kabla ya neno lolote kutamkwa, tumeonyeshwa miili ambayo kifo kimeifika lakini haikuachiwa mapumziko ya kifo. Huu ndio ufunguo wa Dracula.

Jonathan anapofika karibu na mwisho wa safari yake, wasafiri waliopiga kambi hapo wanamwonya kwamba ngome aiendeayo haiko, kwamba yako magofu tu. Lakini yeye anafika, na anakaribishwa mezani. Humo ndani saa inapiga usiku wa manane, saa iliyopambwa kwa fuvu, na mwenye nyumba anashtuka. Klaus Kinski anamwigiza kabaila huyu kwa sauti ya chini, akihema kwa taabu, kama mtu ambaye kuvuta pumzi ni kazi aliyochoka nayo. Anamweleza mgeni wake kwamba wakati ni shimo lisilo na kina, kwamba karne huja na kupita kama usiku mmoja, na kwamba kushindwa kuzeeka ni jambo la kutisha. Kifo, kwa maoni yake, si baya la mwisho.

Hapa msomaji wa Kiswahili hawezi kuacha kukumbuka Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Katika utenzi huo, nao pia unayo majumba yaliyokuwa ya fahari na sasa ni magofu, na nao pia una popo: makinda yao wamening'inia katika majumba matupu ya Pate, na ndege wamelala katika madaka yaliyokuwa ya sahani. Lakini angalia tofauti. Majumba ya Pate yanafundisha kwa sababu wenyewe hawapo. Mshairi anauita moyo wake uyatazame, uone walivyokwenda waliokuwa na taa na karamu, upate kuonyeka. Ukiwa wa nyumba ni hoja, na hoja hiyo yahitaji kifo ili ikamilike. Ngome ya Dracula ni gofu ambalo mwenyewe hakuondoka. Amebaki ndani yake, anaandaa meza ambayo yeye mwenyewe hali chochote juu yake. Kwa hivyo haifundishi kitu. Hakuna wa kuirithi, hakuna wa kuililia, hakuna wa kuitungia utenzi. Pale ambapo Sayyid Abdalla anaona mazingatio, Herzog anaona kifungo.

Jambo hili laonekana pia katika maana mbili za damu. Katika lugha yetu damu ni kile kipitacho katika mishipa, na pia ni ukoo: mtoto ni damu ya mzazi wake. Dracula anaijua damu ya kwanza tu. Amekunywa kwa karne nyingi na hana damu ya pili hata moja, hana mtoto, hana ndugu, hana wa kumzika. Binadamu hudumu kwa damu aliyoiacha; yeye anajaribu kudumu kwa damu aliyoichukua, na kila usiku inampasa aanze upya.

4. Kutoka kwa Murnau hadi kwa Herzog

Uzito wa uamuzi wa Herzog unaonekana zaidi tukimlinganisha na babu yake. Katika filamu ya 1922 mnyonyadamu anaitwa Orlok. Majina yalibadilishwa kwa kuwa kampuni ya Prana haikuwa na idhini ya kuitumia riwaya. Florence Stoker, mjane wa mwandishi, alishtaki, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala zote ziharibiwe. Baadhi ya nakala zilisalia nchi nyingine, na filamu ikaokoka hukumu yake. Ilipofika mwaka 1979, haki za riwaya zilikuwa zimekwisha, na Herzog aliweza kuyarudisha majina ya Stoker.

Orlok, aliyeigizwa na Max Schreck, ni maradhi yenye umbo la mtu. Ana meno ya panya, kucha ndefu, na kivuli kinachomtangulia ngazini. Hatuambiwi anafikiri nini juu ya hali yake, wala hatuulizi, kama ambavyo hatuiulizi tauni. Ellen anapojitoa mhanga na jua linapochomoza, Orlok anayeyuka kama moshi, na tauni inakoma. Kuuawa na jua, ambako leo wengi hudhani ni itikadi ya kale, kulianza katika filamu hii. Dracula wa Stoker hutembea mchana, na huuawa kwa visu.

Herzog alilihifadhi umbo la Orlok, ule upara, masikio na kucha, lakini akatia ndani yake nafsi inayoumia. Mabadiliko hayo yanafikia kilele katika chumba cha Lucy. Lucy, aliyeigizwa na Isabelle Adjani, amekaa mbele ya kioo. Mlango unafunguka, kivuli kinaingia, lakini kiooni hakuna mtu. Dracula hamrukii. Anaomba. Anasema kwamba kukosa kupendwa ndiyo maumivu yaliyo chini ya yote, na anataka apewe sehemu ya mapenzi ya Lucy kwa mumewe. Tena anamwambia kwamba kifo ni kikatili, lakini kutoweza kufa ni kukatili zaidi. Lucy anakataa, na kukataa kwake hakuna hofu: mapenzi hayo, anasema, hampi hata Mungu.

Mazungumzo haya ni kiini cha filamu. Mwenye nguvu ndiye mwombaji, na mwenye kufa ndiye tajiri. Alicho nacho Lucy, na ambacho Dracula hawezi kukichukua kwa meno, ni mapenzi yaliyo mahsusi, ya mtu mmoja kwa mtu mmoja, yenye thamani kwa sababu yatakatika. Hatimaye Lucy anampa kitu, lakini si mapenzi. Anampa kifo. Kwa kusoma hivi, mhanga wake una sura mbili: ni njia ya kuuokoa mji, na wakati huo huo ndiyo sadaka ya pekee ambayo mnyonyadamu angeweza kupewa.

5. Gharama ya huruma

Hata hivyo mhakiki hawezi kuishia hapo. Huruma ni kama taa: ikimulikwa upande mmoja, upande wa pili huwa giza. Katika filamu hii upande wa giza ni mji wa Wismar. Watu wanakufa kwa wingi, lakini wanakufa bila majina. Kamera inautazama uwanja kutoka juu, na majeneza yanabebwa kwa safu, meusi, yaliyopangika, mazuri kwa macho. Tunajua habari za uchovu wa Dracula kuliko tunavyojua habari za mtu yeyote aliyemo katika majeneza yale. Mwenye kulalamika kwamba hafi ndiye anayewafisha wengine, na malalamiko yake yanapewa mashairi, ilhali wao wanapewa idadi tu.

Kuna tendo moja ambapo mji unapata sauti. Lucy anapita uwanjani na kuwakuta watu waliokwisha kupatwa na tauni. Wameandaa meza, wamevaa vizuri, wanakula na kunywa huku panya wakiwapita miguuni. Wanamkaribisha aketi, wakimweleza kwamba kila siku iliyobaki ni ya kufurahiwa. Muda mfupi baadaye meza ni ile ile, lakini viti ni vitupu na panya wako juu ya chakula. Tendo hili lalingana na lile la ngomeni: pale meza ya asiyekufa, hapa meza ya wasiokufa bado. Karamu ya uwanjani ni fupi na ya wendawazimu, lakini ni karamu kweli, kwa sababu walioketi wanajua kwamba wanaondoka. Ingekuwa Herzog ameuacha mji useme mara nyingi zaidi namna hii, mizani ya filamu yake ingekaa sawa.

Lakini mwisho wa filamu unarekebisha sehemu ya kosa hilo. Kwa Murnau, mhanga wa mke unaukomboa mji. Kwa Herzog sivyo. Dracula anaanguka alfajiri, na Van Helsing, daktari aliyekataa kusadiki mpaka jambo limekwisha haribika, anakwenda kumchoma kigingi cha moyo. Jonathan, aliyekaa kitini akiwa mgonjwa, anaagiza daktari akamatwe. Mji umekwisha kufa kiasi kwamba hakuna polisi wala gereza. Kisha Jonathan anamwamuru mtumishi afagie makombo ya mkate mtakatifu ambayo Lucy aliyamwaga kuizunguka kiti chake, na yuko huru. Meno yake yamebadilika. Anasema ana kazi nyingi za kufanya. Tunamwona akienda mbio kwa farasi katika uwanda wa mchanga, na muziki unaomsindikiza ni Sanctus ya Gounod, wimbo wa misa.

Maana ya mwisho huo ni nzito. Kabaila amekufa, lakini nafasi yake haikufa. Imechukuliwa na wakala wa nyumba, mtu wa tabaka la kati, aliyekwenda mbali kwa ajili ya faida ya mauzo. Asiyekufa, basi, si mtu. Ni cheo, ni utaratibu wa kuishi kwa damu ya wengine, ambao mtu mmoja humwachia mwingine. Dracula mwenyewe alitaka kufa na akafa. Unyonyaji wake ndio uliopata mrithi. Hapo filamu inatoka katika huruma na kuingia katika hukumu, ingawa inafanya hivyo katika dakika zake za mwisho tu.

6. Mumiani, mnyonyaji, mnyonyadamu

Twalirudia sasa swali la jina. Mtafsiri wa Afrika Mashariki ana neno karibu naye: mumiani. Asili yake ni Kiajemi, mumiya, linalohusiana na mum, yaani nta, na maana yake ya kwanza ni dawa nyeusi kama lami. Kutokana na neno hilo hilo, kwa kupitia Kiarabu na Kilatini, Wazungu walipata jina la maiti aliyekaushwa, na kwa karne nyingi walisaga maiti wa Misri na kuwauza kama dawa. Kwa hivyo wale maiti wa Guanajuato wanaoifungua filamu ya Herzog ni ndugu wa mumiani kwa nasaba ya neno. Katika pwani yetu dawa hiyo ilikuja kudhaniwa kuwa ni damu ya binadamu. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaitaja dawa, na pia inataja hofu iliyowazuia watu kutoka nje baada ya magharibi uvumi ulipoenea.

Nasaba hiyo isitudanganye. Mumiani wa uvumi wetu si mfu. Ni mtu hai, mwenye kazi na mshahara. Wakati wa ukoloni alisemekana kuwa ni mzimamoto, mwindaji, au mwajiriwa wa hospitali, na damu aliyoichukua hakuinywa. Aliipeleka kwa wengine. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake Speaking with Vampires cha mwaka 2000, ameonyesha kwamba habari hizo zilikuwa njia ya watu ya kuizungumzia dola na kazi zake. Hazikuhusu umilele hata kidogo. Zilihusu nani anachukua, nani anachukuliwa, na damu inakwenda wapi. Na la maana zaidi, zilisimuliwa na wale walioogopa kuchukuliwa. Nosferatu wa Herzog amesimuliwa kwa kumwelekea mchukuaji.

Karibu na neno hilo limesimama lingine: mnyonyaji. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliufanya unyonyaji kuwa istilahi ya siasa, na karne moja kabla yake, mwaka 1867, Marx alikuwa amekwisha kuulinganisha mtaji na mfu anyonyaye damu ya walio hai. Neno hili linaukubali mwisho wa filamu ya Herzog vizuri zaidi kuliko mumiani, kwa kuwa nalo lahusu utaratibu badala ya mtu.

Kwa hoja hizi tunapendekeza kwamba mnyonyadamu litumike kwa tendo, na kwamba mumiani liachiwe historia yake. Sababu si usafi wa istilahi pekee. Mumiani ni neno ambalo bado lina uwezo wa kudhuru. Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, watu waliuawa na makundi yaliyowashuku kuwa wanyonyadamu. Neno lenye nguvu ya namna hiyo halifai kupewa mhusika wa sinema ambaye shida yake ni nyingine kabisa, maana kwa kufanya hivyo tutaazima hofu ya watu wetu bila kuyabeba malalamiko yao. Ama jina la filamu, kama itabidi litafsiriwe, tungeona Aliyenyimwa Kifo linafaa, kwa kuwa kitenzi nyima kinadokeza kwamba kifo kilikuwa haki yake kama kilivyo haki ya kila kiumbe.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba Herzog hakutengeneza filamu juu ya tamaa ya umilele. Alitengeneza filamu juu ya kunyimwa mwisho, na kwa kufanya hivyo aliirudishia dhana ya kutokufa ukanushi ambao sarufi yake ilikuwa nao tangu mwanzo. Tumeona pia kwamba aliuachia huzuni wa mmoja uufunike msiba wa wengi, na kwamba ni Lucy kwa kukataa kwake, na Jonathan kwa urithi wake mbaya, wanaoiokoa kazi hiyo isiwe maombolezo ya mwuaji.

Kisa hiki kingali kinarudi. Mwaka 2024 Robert Eggers wa Marekani alitoa Nosferatu yake, na haielekei kuwa ya mwisho. Kila kinaporudi, mhakiki ana wajibu wa kuuliza swali lile lile ambalo wasimulizi wa mumiani hawakulisahau kamwe: damu hii ilikuwa ya nani?